Mgongo wa Karani wa Voi

Mimi ni mshonaji, na mshonaji humjua mtu kwa utepe wa kupimia kabla hajamjua kwa maneno. Duka langu pale Voi lilitazamana na ofisi ya mizigo, njia ya vumbi jekundu ikipita katikati, na kwa miaka mingi kila nilipoinua macho kutoka kwenye cherehani nilimwona mtu yule yule dirishani ameinamia meza. Watu wote walimwita Karani. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na la kwao milimani alikuwa nalo, lakini sitayataja, wala ukoo wake sitausimulia, maana watu wake wapo Ronge na wanaujua kuliko mimi. Nitasimulia mgongo wake na jinsi alivyopigana nao. Hayo niliyaona mwenyewe, na mengine yalinipitia mikononi.

Koti la kwanza nililomshonea lilimkaa vizuri kabisa. La pili, nililolikata kwa vipimo vile vile, alilirudisha kabla hata halijapata vumbi.

"Fundi, umeniharibia koti. Tazama, bega moja limekwenda juu."

Nikamzungusha mbele ya kioo, nikapima, nikapima tena. "Bwana Karani, koti halina kosa. Bega lako la kushoto limeshuka."

Alikasirika, akavaa kofia yake akaondoka, na kwa muda mrefu akawa ananipita bila salamu kama kwamba mimi ndimi niliyelishusha lile bega. Alirudi Krismasi ilipokaribia, kwa kuwa mshonaji mwingine hakuwapo, akasimama mbele yangu amenyoosha mikono. Nikamshonea koti lenye bega moja limejazwa pamba. Tangu hapo tukawa marafiki, na kila mwaka niliongeza pamba kidogo bila kumwambia.

Kiti chake kilikuwa kirefu, hakina egemeo, na meza yake ilikuwa fupi. Alikaa pale tangu gari la moshi la asubuhi mpaka taa za stesheni zilipowashwa, akiandika magunia yaliyoshuka na magunia yaliyopanda. Ofisi yenyewe ilikuwa ya kampuni moja ndogo ya kupakia mizigo ambayo leo haipo tena. Vilipokuja vita vya Wajerumani, na mizigo ya jeshi ikawa inamiminika kwenda Taveta, unga, nyaya, na nyumbu waliopiga mateke hata mihuri ya forodha, Karani akawa anakula pale pale mezani, kalamu mkono mmoja na muhogo mkono wa pili. Vita vilipokwisha wengine walirudi wamekatwa miguu. Yeye hakwenda popote wala hakupigwa risasi, lakini hakuweza tena kusimama kwa mara moja. Alishika ukingo wa meza kwanza, akangoja, kisha akajinyoosha kidogo kidogo, uso umekaza, mpaka akawa mtu mzima.

Hata hivyo usimwambie neno baya juu ya kile kiti! Alikuwa mtu wa kwanza katika kijiji chao kula mkate wa kukaa, na hilo lilimjaa kifuani. Watu wa Ronge waliposhuka na ndizi zao na miwa walipita kwanza dirishani kumtazama mtoto wao amekaa. Wakitokea, Karani alichovya kalamu na kuandika kwa bidii. Siku moja niliingia kuuliza mzigo wangu wa kitambaa cha marekani, nikaona hiyo karatasi aliyokuwa akiiandika mbele ya wajomba zake haina hata nukta. Kalamu ilikuwa kavu. Nikamtazama, naye akanitazama, nikatoka bila kusema.

Lakini wakishaondoka, akibaki na mimi tu, alikipiga kile kiti teke. "Jembe humchosha mtu siku ile ile, Fundi," alizoea kusema. "Kiti kina subira."

Neno "naumwa" sikulisikia kinywani mwake hata mara moja. Alikuwa na lugha yake. Mgongo ukimkaba, alisema umenuna. Vidole vya mkono wa kuandikia vikikunjamana visitake kufunguka, alisema vimeshikana salamu. Na miguu ilipoanza kufa ganzi alipiga mapaja yake akasema, "Leo nina wageni." Mwanzoni wageni hao walikuja mara moja moja na kuondoka upesi. Baadaye wakawa wanakuja kila alasiri, na wakati mwingine alivuka njia kuja dukani kwangu akitazama miguu yake ilipokanyaga, kwa kuwa hakuisikia.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata lugha yake ilishindwa kuusitiri. Alikuja dukani, akatazama nyuma, akatazama mbele, akaniinamia sikioni. Ilikuwa ni bawasiri. Nikamwambia asione haya, hata sisi wa cherehani inatujua. Nikamshonea mto wa pamba, wa mviringo, wenye tundu katikati, naye akaubeba chini ya koti kama mwizi wa kuku. Kesho yake mchuuzi mmoja wa nazi akachungulia dirishani, akauona juu ya kiti Karani aliposimama kidogo, akadhani ni kata ya kubebea mzigo kichwani.

"Bwana Karani! Siku hizi wachota maji?"

"Ndiyo," akajibu Karani bila kupepesa macho. "Mke wangu amechoka." Akaukalia mbele yake.

Dawa alizitumia zote. Mzee mmoja wa kwetu pwani alimpiga chuku, ile pembe ya kufyonza damu, akamwachia mgongo wenye alama za duara kama chapati zilizoungua. Alisuguliwa mafuta ya simsim. Alikunywa chumvi ya haluli aliyopewa na dresa wa zahanati, akatumia siku nzima mbali na ofisi kwa sababu ambazo ziko wazi. Dresa ndiye aliyesema ukweli hatimaye. Mimi nilikuwapo, kwa kuwa siku hiyo Karani aliniegemea mpaka zahanati. Dresa akamchoma miguu kwa sindano, huku akimwambia afumbe macho na aseme anaposikia. Karani alikaa kimya muda mrefu.

"Acha kile kiti," dresa akasema. "Ukiendelea kukikalia hivyo, siku moja utataka kuinuka na miguu itakataa. Watakupandisha kwenu Ronge kwa machela."

Tulipokuwa tukirudi alisimama katikati ya njia, jua la saa sita likituwakia, akanishika mkono.

"Fundi, nisikilize. Nikiacha kazi leo nitarudi milimani na mgongo huu usioweza jembe, watoto wangu wale nini? Kwa hiyo sitaacha. Na kwetu sitapandishwa kwa machela. Nitapanda kwa miguu yangu mpaka siku ya kufa. Yote mawili. Umesikia?"

Nilisikia, na moyo wangu ulisikitika, maana niliona ni kama mtu anayesema atakula mkate na kubaki nao.

Basi akaanza vita vyake. Alichukua sanduku la mbao lililokuja na sabuni, akaliweka juu ya meza, akaandika amesimama. Jioni, watu wengine walipokaa barazani, yeye alitembea kando ya reli mpaka mtoni na kurudi, akihesabu mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kwa sauti ili miguu isilale. Watu walidhani amerogwa. Mke wa mwenye mkahawa aliwahi kuniuliza kwa huruma kama ni kweli kwamba Karani ameambiwa atafute kitu alichokipoteza katika reli.

Msimamizi wa ofisi, Mzungu mwembamba mwenye masharubu ya rangi ya mkonge, hakupendezwa. Yeye hakuwa mtu mkatili, ila alikuwa na fikira moja juu ya kila jambo. Mchukuzi hubeba, mlinzi hulinda, karani hukaa. Karani aliyesimama alimwona kama mtu anayejitayarisha kuondoka, au anayetaka kuonekana ni sawa na yeye. Akaamuru sanduku liondolewe. Karani akaliondoa, na asubuhi iliyofuata likawa juu ya meza tena. Likaondolewa, likarudi. Mwishowe msimamizi alisema kwa sauti iliyovuka njia mpaka kwangu kwamba akiliona tena atatafuta karani mwingine anayejua kukaa. Siku ile Karani alikaa. Jioni hakuweza kushuka ngazi za ofisi, nikaenda kumshika kwapa, na hakusema hata kwamba ana wageni.

Sasa lazima nieleze jambo la kwao, la sivyo hutaelewa lililofuata. Wadawida, watu wa milima ya kwao Karani, wana desturi waiitayo kutasa. Husema kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu yaweza kumshika jamaa yake akaugua, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Basi huyo mwenye hasira hupewa pombe ya miwa, au maji akiwa mtu wa kanisa, akanywa funda na kulipuliza chini, akisema maneno ya amani, hasira itoke, mgonjwa apone. Karani alikuwa msoma somo kanisani, na mambo hayo aliyacheka mbele za watu. Lakini mama yake, aliyekuwa hajashuka mlimani tangu mumewe azikwe, hakucheka. Mtoto wake mgongo unamwuma miaka yote hii. Basi nani ana hasira naye? Akaanza na ndugu wa baba, waliochukia kwamba aliacha shamba. Wakapuliza. Akaenda kwa wajomba, wakapuliza. Akapuliza yeye mwenyewe. Hata shemeji mmoja aliyekuwa hajui anachodaiwa kukasirikia alipuliza ili arudi nyumbani kula. Karani akikwenda likizo walikuwa wanamzunguka wakipuliza, na yeye anasimama katikati, msoma somo, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Nilipomtania alinijibu, "Kukataa heshima ya wazee ni dhambi pia, Fundi." Mgongo ulibaki vile vile.

Mama akafikiri, akapata jibu. Wote wamepuliza ila mmoja.

Alishuka siku ya soko, bibi kizee aliyekauka, kamba ya mzigo kwenye paji la uso na kibuyu mgongoni. Nilimwona akisimama mbele ya ofisi, nikamwona Karani dirishani akigeuka rangi. Nikaacha cherehani, nikavuka. Msimamizi alikuwa mlangoni, shati limemganda kwa jasho.

"Wewe bwana," mama akamwambia kwa Kiswahili cha sokoni. "Mtoto yangu mgongo inauma. Ndugu zake yote wamepuliza. Wewe bado."

"Karani! Huyu mama anataka nini?"

Karani alitoka nje ameshika ukuta. Alimtazama mama yake, akamtazama msimamizi, na nikaona jasho jipya likimtoka. Kazi yake ilikuwa pale, miguu yake ilikuwa pale, na heshima ya mama yake.

"Anakuletea kinywaji, bwana," akasema.

Joto lilikuwa la Voi, nalo halina huruma. Msimamizi akakipokea kibuyu, akashukuru, akapiga funda kubwa. Lakini pombe ile ilikuwa imetikiswa njia nzima kutoka Ronge na kupigwa na jua, imekuwa chachu ya kuteremsha meno. Macho yakamtoka. Akaipuliza yote chini, ikaruka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Imetoka!" mama akapaza sauti, akapiga kigelegele ambacho kiligeuza vichwa vya soko zima. "Hasira imetoka! Asante baba, asante sana!" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama.

Msimamizi alikuwa bado anafuta masharubu. "Nimefanya nini?"

Hapo Karani angeweza kusema uongo wa pili, na nilidhani atausema. Alijinyoosha kidogo kidogo kama kawaida yake mpaka akawa wima, akamweleza yote, desturi na maana yake, kwa sauti ya kusoma somo. "Anasema ulikuwa na hasira na mgongo wangu, bwana. Sasa umeitema. Huna tena."

Kicheko kikamtoka Mzungu tumboni, akacheka mpaka akashika mlango. "Mwambie mama yako sina hasira iliyobaki."

"Nitamwambia. Basi kesho nitaandika nimesimama."

Kicheko kikakatika. "Unasema nini?"

"Nitasimama, bwana. Mama yangu amekuona ukitema, na soko limemsikia. Ukinikataza, nitamwambia nini?"

Walitazamana. Msimamizi akamtazama yule bibi, aliyekuwa akimchekea kwa jino moja, amefurahi kama aliyepata mjukuu.

"Simama basi," akasema. "Lakini kazi ikiharibika, utakaa."

Kazi haikuharibika. Sanduku la sabuni likawa meza, na baadaye seremala akamtengenezea meza ndefu ya kweli. Mgongo haukupona, asikudanganye mtu. Miguu ilimvimba kwa kusimama, ikabidi aweke tofali chini, akipumzisha huu, kisha ule. Vidole vya mkono wa kulia vilipogoma kabisa alijifundisha kuandika kwa kushoto, akiwa mtu mzima mwenye mvi, akichora herufi kubwa kubwa kama mtoto wa shule, ulimi umetoka pembeni. Lakini wageni wa miguu wakapungua, wakawa wanakuja mara moja moja tena, na dresa alipomchoma sindano mwaka uliofuata Karani alipiga kelele ya furaha kwa sababu iliuma. Nilimwuliza kama ni kutasa kulikomsaidia au ni kusimama.

"Usiniulize, mimi ni Mkristo," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini alipuliza vizuri."

Aligeuka kuwa adhabu kwetu sote. Akiniona nimeinama juu ya cherehani muda mrefu alitia vidole kinywani akapiga mbinja toka ng'ambo ya njia, na sikuwa na raha mpaka niinuke nitembee hadi mlangoni. Nilimlaani mara nyingi, mbele ya wateja. Na yeye huyo huyo aliyepigania miguu kama simba alikataa katakata kuvaa miwani. Alisema ni ya wazee. Aliandika pua ikigusa karatasi mpaka macho yakaharibika, na hakuna mbinja iliyomwinua hapo. Ndivyo alivyokuwa, na sijui nimweleze vipi kwa njia nyingine.

Aliacha kazi kwa hiari yake, akapanda Ronge, tukaachana kwa miaka. Siku moja akaja kijana wa kwao na ujumbe. Mama wa Karani amefariki huko chini Mwatate kwa binti yake, na Karani anaomba nimshonee marehemu nguo ya kuzikiwa. Niliishona usiku huo huo, nikaipeleka mwenyewe kwa gari la moshi.

Nilimkuta uani katikati ya watu, amekonda, amepinda, macho yamefunikwa na ukungu. Alinijua kwa sauti. Nikampa pole, akaipapasa nguo pindo kwa pindo, akasema ni kazi safi. Mama alilazwa kwenye machela ili apandishwe kuzikwa Ronge, vijana wenye nguvu wakasimama kwenye ncha nne za miti yake. Kando yake, penye kivuli cha nyumba, niliona machela nyingine, tupu, imetandikwa blanketi. Karani alipokuwa akipita mkono wake ukaigusa.

"Hii ni ya nani?"

Mpwa wake akajibu kwa adabu. "Ni yako, mjomba. Njia imeharibiwa na mvua, na kilima unakijua. Wewe kaa tu, tutakupandisha polepole."

Karani alisimama. Alipapasa mti mmoja wa ile machela, akaupapasa wa pili. Nilidhani atafoka kama alivyonifokea mimi juu ya koti.

"Ivunjeni," akasema taratibu. "Wageni ni wengi, kuni hazitatosha."

Akaenda mpaka kwenye machela ya mama yake, akamgusa begani kijana aliyeshika mti wa mbele.

"Nipishe."

"Mjomba, utaanguka."

"Huyu ni mama yangu. Nipishe."

Kijana akampisha. Tukaanza kupanda. Njia ilikuwa ya matope na mawe, kona juu ya kona, mashamba ya ngazi yakituning'inia kichwani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kiuno changu, nikiona visigino vyake vikitafuta mahali pa kukanyaga, kimoja, kisha kingine. Niliogopa sana. Nilimwomba Mungu asimwangushe mtu huyu leo, siku nyingine yoyote lakini si leo. Katika mwinuko ulio mkali kupita yote, vijana wenyewe walikuwa wanahema, na yule wa nyuma akaita, "Mjomba, tupumzike?"

Karani hakugeuka.

"Aliyechoka akae," akasema.

Hakuna aliyekaa.